Kanali Fountain na Mwanawe: Mauaji Yasiyo na Maiti

Albert Jennings Fountain, wakili na kanali wa wanamgambo wa New Mexico, alitoweka pamoja na mwanawe Henry, mtoto wa miaka 8, Jumamosi ya tarehe 1 Februari 1896. Walikuwa njiani, katika barabara ya jangwani inayokwenda Las Cruces, makao makuu ya kaunti ya Doña Ana, kusini magharibi mwa Marekani. Gari lao la farasi lilipatikana. Damu ilipatikana. Maganda ya risasi yalipatikana. Wao wenyewe hawakuonekana tena, si hai wala maiti. Zaidi ya miaka mitatu baadaye wafugaji wawili walisimamishwa kizimbani, wakaachiwa huru, na tangu hapo hakuna mtu aliyepatikana na hatia.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama fumbo la jangwani, utadhani mchanga ndio uliowameza baba na mwana. Kikifuatwa hatua kwa hatua, kinaonyesha sura nyingine. Dalili zilikuwa nyingi kuliko ilivyo kawaida kwa mauaji ya nyika. Kilichokosekana ni mtu wa kuzishika dalili hizo ambaye hakuwa na chake cha kupata au kupoteza katika siasa za kaunti ile.

New Mexico ya mwaka 1896 haikuwa bado jimbo kamili. Marekani iliichukua kutoka Mexico baada ya vita vilivyomalizika mwaka 1848, na kwa zaidi ya nusu karne ilitawaliwa kutoka Washington: gavana na majaji waliteuliwa na rais, wakati sherifu, yaani mkuu wa usalama wa kaunti, alipatikana kwa kura. Kwa hiyo chama kilichoshinda Washington kiligawa vyeo vya juu, na chama kilichoshinda kwenye kaunti kiligawa vyeo vya chini, bunduki na funguo za jela. Las Cruces na mji jirani wa Mesilla vilikuwa na wakazi wengi wenye asili ya Mexico waliozungumza Kihispania. Wageni wa lugha ya Kiingereza walikuja na sheria zao, magazeti yao na magomvi yao.

Mashariki ya Las Cruces, ng'ambo ya milima ya San Andres na Organ, limelala bonde la Tularosa. Katikati yake kuna mchanga mweupe wa jasi, vilima juu ya vilima, mahali panapoitwa White Sands. Pembeni palikuwa na nyasi, na katika miaka ya 1880 wafugaji kutoka Texas walihamia na makundi yao ya ng'ombe. Ardhi yenyewe ilikuwa ya serikali. Mtu hakuhitaji kuinunua yote. Alihitaji kumiliki kisima au kijito tu, maana mwenye maji ndiye aliyekuwa mwenye malisho yote ya karibu. Ng'ombe walichungwa bila uzio, wakachanganyika, na hati pekee ya umiliki ilikuwa chapa ya moto iliyopigwa ubavuni. Aliyejua kuibadilisha chapa ya jirani kwa chuma kilichopashwa moto aliweza kutajirika bila kununua hata ndama mmoja.

Fountain alizaliwa Staten Island, New York, mwaka 1838. Aliingia New Mexico na jeshi la Muungano lililotoka California wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na huko Mesilla akamwoa Mariana Pérez, binti wa familia ya Kimexico. Baada ya vita alihamia El Paso, akawa seneta katika bunge la Texas upande wa chama cha Republican. Mwaka 1870 alipigwa risasi na hasimu wake wa kisiasa, akapona. Alirudi Mesilla katika miaka ya 1870, akaanzisha gazeti, akaongoza wanamgambo waliopigana na Waapache, akawa spika wa baraza la wawakilishi la New Mexico. Mwaka 1881 mahakama ilimteua kumtetea kijana aliyejulikana kama Billy the Kid, aliyeshtakiwa kwa kumuua sherifu William Brady. Kijana alihukumiwa kunyongwa, akatoroka, na Julai mwaka huo huo akauawa kwa risasi na sherifu mwingine, Pat Garrett. Jina la Garrett litarudi mbele.

Mpinzani mkubwa wa Fountain aliitwa Albert Bacon Fall, mzaliwa wa Kentucky, kijana kwake kwa zaidi ya miaka 20. Fall naye alikuwa wakili, naye alikuwa na gazeti, lakini la chama cha Democratic. Alikuwa na kipaji cha kusema mbele ya mahakama na hakuogopa ugomvi wa barabarani: mwaka 1895 yeye na shemeji yake walirushiana risasi katikati ya Las Cruces na Ben Williams, mtu wa usalama aliyekuwa upande wa wafugaji wakubwa. Kwa miaka miwili kabla ya hapo huyu huyu Fall alikuwa jaji wa wilaya.

Nguvu ya Fall mashambani ilitokana na urafiki wake na Oliver Lee, mfugaji kutoka Texas aliyekuwa na ranchi Dog Canyon, chini ya milima ya Sacramento. Lee alisifika kwa adabu zake na kwa shabaha yake. Mwaka 1888, katika ugomvi wa wafugaji, rafiki yake aliuawa, na baadaye maiti ya kijana Walter Good, wa familia ya mahasimu wake, ikapatikana katika mchanga wa White Sands. Lee alishtakiwa, hakutiwa hatiani. Katika uchaguzi wa mwaka 1892 viongozi wa Republican walipowapeleka wanamgambo wenye silaha karibu na kituo cha kura Las Cruces, Fall aliwapandisha watu wa Lee juu ya paa na bunduki zao, kisha akawaambia wanamgambo waondoke. Waliondoka. Chama cha Democratic kilishinda.

Mwaka 1894 chama cha wafugaji wakubwa wa kusini mashariki ya New Mexico kilimwajiri Fountain kama wakili na mpelelezi wa kupambana na wizi wa ng'ombe. Aliifanya kazi kwa bidii. Wezi kadhaa walifungwa jela kutokana na kesi zake, na kila alivyozidi kukusanya habari ndivyo nyayo zilivyozidi kuelekea Dog Canyon. Hapa mtu asisahau kwamba Fountain hakuwa hakimu wa mbinguni. Alikuwa mwanasiasa, na kumfunga Lee kungekuwa pia kumvunja Fall mguu mmoja. Waliomchukia walisema alitumikia matajiri wa ng'ombe dhidi ya wafugaji wadogo, na neno hilo halikuwa uongo mtupu.

Januari 1896 alikwenda Lincoln, mji mdogo mlimani, safari ya zaidi ya kilomita 200, kupeleka ushahidi mbele ya jopo la raia linalopima kama kuna sababu ya kutosha mtu kushtakiwa. Mkewe Mariana aliingiwa na hofu. Alisisitiza Henry aende na baba yake, akiamini hakuna mtu, hata awe katili namna gani, angemvamia mzee aliyeongozana na mtoto mdogo. Jopo lilitoa hati 32 za mashtaka. Miongoni mwazo ilikuwemo moja dhidi ya Oliver Lee na mwenzake William McNew, kwa wizi wa ng'ombe na kuharibu chapa. Akiwa bado Lincoln, Fountain alipokea kikaratasi kilichomwonya kwamba akiendelea na kesi hizo hatafika kwake akiwa hai.

Waliondoka Lincoln tarehe 30 Januari. Walipofika kwa Waapache wa Mescalero, mtu mmoja aliyekuwa na deni kwa Fountain alimlipa farasi mdogo, naye akamfunga nyuma ya gari. Usiku wa tarehe 31 walilala La Luz. Inasimuliwa kwamba asubuhi Henry alipewa senti za kununulia peremende dukani, na chenji iliyobaki akaifunga kwenye ncha ya kitambaa chake cha mkononi, kama watoto wafanyavyo. Kisha wakaingia barabara ya jangwani. Kulikuwa na baridi na upepo, na mtoto alikuwa na mafua.

Mchana huo Fountain alikutana na tarishi wa posta, Saturnino Barela, aliyekuwa akitoka upande wa Las Cruces. Alimwonyesha wapanda farasi watatu kwa mbali, mmoja akiwa na farasi mweupe. Walikuwa wakimfuata tangu asubuhi, wakisogea na kurudi nyuma bila kukaribia kiasi cha kutambulika. Barela alimsihi arudi naye kwenye kituo cha Luna's Well walale, kesho yake waende Las Cruces pamoja. Fountain alifikiri kidogo, akakataa. Mtoto alikuwa mgonjwa na mama yake alikuwa akiwangoja. Alipiga farasi, akaendelea kuelekea Chalk Hill, mahali barabara inapopita kwenye mwinuko wa udongo mweupe. Barela ndiye mtu wa mwisho anayejulikana kuwaona.

Kesho yake Barela alipita pale pale akirudi. Aliona nyayo za gari zimeiacha barabara ghafla na kuingia nyikani, na nyayo za farasi wengine zikizizunguka. Alipofika Las Cruces aliuliza kama kanali amefika. Hakuwa amefika. Usiku ule ule watu walitoka kutafuta, wakiwemo wana wakubwa wa Fountain, na kikosi kingine kikafuata chini ya Meja Eugene Van Patten.

Pale Chalk Hill nyuma ya kichaka palikuwa na alama za goti la mtu aliyepiga magoti, na karibu yake maganda ya risasi. Hatua chache barabarani palikuwa na dimbwi la damu lililokauka na kuingia mchangani. Gari lilipatikana mbali na barabara, upande wa milima ya Jarilla, sanduku likiwa wazi na karatasi zimetawanyika. Baadhi ya hati za kesi hazikuwemo. Kofia ya mtoto ilikuwepo. Kitambaa chenye damu kilipatikana pia, na kwenye ncha yake, kwa masimulizi ya waliokuwepo, zile senti zilikuwa bado zimefungwa. Nyayo za farasi ziliendelea kuelekea mashariki, upande wa ranchi za Lee, na wafuatiliaji walieleza kwamba kabla ya kufika mwisho wake kundi la ng'ombe lilipitishwa juu yake, likazifuta.

Kufikia hapo mpelelezi wa kawaida angekuwa na pa kuanzia: watu watatu, farasi mweupe, uelekeo wa nyayo, na mashtaka yaliyotolewa juma lile lile. Lakini kaunti ya Doña Ana haikuwa hata na sherifu aliyekubaliwa na wote. Uchaguzi wa mwaka 1894 ulikuwa bado unabishaniwa mahakamani. Guadalupe Ascarate wa Democratic alikalia kiti, Numa Reymond wa Republican alikidai. Ascarate alikuwa mtu wa upande wa Fall, na watu wa Lee walikuwa wamepewa beji za usaidizi wa sherifu. Waliotuhumiwa kuua, basi, walikuwa watumishi wa ofisi iliyopaswa kuwakamata.

Gavana William Thornton, ambaye naye alikuwa wa Democratic, aliona kaunti haitajichunguza yenyewe. Zawadi zilitangazwa, ikiwemo ya dola 10,000 kutoka kwa Wamasoni, maana Fountain alikuwa mwenzao. Shirika la upelelezi la Pinkerton lilimtuma John Fraser kuhoji watu. Naye Pat Garrett, aliyekuwa akifuga farasi huko Uvalde, Texas, akaitwa. Mahakama ilipompa Reymond kiti cha usherifu, Reymond alijiuzulu na Garrett akakikalia. Novemba 1896 alichaguliwa rasmi. Mtu aliyemuua mteja wa zamani wa Fountain ndiye aliyepewa kazi ya kuwatafuta wauaji wa Fountain.

Garrett alikaa kimya kwa karibu miaka miwili. Ukimya huo umemletea lawama nyingi, lakini alikuwa na sababu. Asingeweza kupeleka kesi mbele ya mahakama ambako Fall alijua kila karani na kila mzee wa mji. Alisubiri upepo wa siasa ugeuke, akikusanya mashahidi mmoja mmoja. Aprili 1898 hatimaye aliomba hati za kuwakamata watu wanne: Oliver Lee, William McNew, James Gililland na William Carr. McNew na Carr walishikwa. Carr aliachiwa. McNew alikaa rumande kwa muda mrefu, kisha mashtaka yake yakafutwa. Lee na Gililland hawakupatikana.

Garrett aliwafikia tarehe 12 Julai 1898, alfajiri, katika ranchi ya Wildy Well. Wawili hao walikuwa wamelala juu ya paa. Askari mmoja wa Garrett, Kent Kearney, kijana aliyekuwa mwalimu wa shule, alipanda ngazi na risasi zikaanza. Kila upande baadaye ulisema mwenzake ndiye aliyeanza. Kearney alijeruhiwa vibaya, akafa. Tangi la maji lilitobolewa kwa risasi, likawalowesha askari waliojificha chini yake. Mwishowe waliokuwa juu walikuwa na shabaha nzuri zaidi na kinga nzuri zaidi, na muuaji maarufu wa Billy the Kid akalazimika kukubali masharti ya waliokuwa paani, akaondoka na majeruhi wake. Sifa yake haikupona vizuri baada ya siku ile.

Lee na Gililland walijificha kwa miezi, kwa muda fulani katika milima ya San Andres kwa Eugene Manlove Rhodes, mchunga ng'ombe ambaye baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri wa hadithi za Magharibi. Waliapa kutojisalimisha kwa Garrett, wakidai atawaua njiani. Suluhisho lilitoka kwenye ramani. Januari 1899 bunge la New Mexico lilikata eneo la mashariki na kuunda kaunti mpya, Otero, iliyopewa jina la gavana mpya Miguel Otero. Wildy Well ikawa ndani ya kaunti hiyo, nje ya mamlaka ya Garrett, na sherifu wake wa kwanza alikuwa George Curry, mtu waliyemwamini. Machi 1899 wawili hao walijisalimisha kwa Jaji Frank Parker, si kwa Garrett. Mpaka mpya wa kaunti uliochorwa katikati ya kesi ya mauaji ulikuwa msaada ambao wakili yeyote wa utetezi angeuomba, na katika kesi hii utetezi uliupata.

Kesi ilihamishiwa Hillsboro, mji wa machimbo katika kaunti ya Sierra, mbali kidogo na ghasia za Las Cruces. Ilianza mwishoni mwa Mei 1899. Hillsboro haikuwa na reli, lakini waandishi wa habari walikuwa wengi kiasi kwamba nyaya za simu ya maandishi zilivutwa hadi hapo kutoka Lake Valley. Mashahidi, wachunga ng'ombe na watazamaji walipiga mahema pembeni ya mji, wa upande wa mashtaka huku na wa upande wa utetezi kule.

Upande wa mashtaka uliongozwa na Thomas Catron, tajiri wa ardhi kutoka Santa Fe na kigogo wa Republican. Upande wa utetezi ulikuwa na Fall pamoja na Harvey Fergusson. Catron aliamua kuwashtaki Lee na Gililland kwa kumuua Henry peke yake, shtaka la baba likiwekwa akiba. Hesabu yake inaeleweka: kifo cha mtoto kingewagusa wasikilizaji kuliko kifo cha mwanasiasa mwenye maadui, na kama kesi ya kwanza ingeshindwa, ya pili ingebaki. Lakini hesabu hiyo ilikuwa na tundu. Kama ushahidi wa kifo cha Fountain ulikuwa mwembamba, wa kifo cha Henry ulikuwa mwembamba zaidi. Hakuna aliyejua mtoto aliuawa pale barabarani au mbele ya safari, kwa risasi au kwa njia nyingine.

Sheria haikudai maiti ionekane ndipo mtu ahukumiwe kwa mauaji. Ilidai uthibitisho usioacha shaka ya maana kwamba mtu amekufa, na kwamba amekufa kwa mkono wa mwingine. Damu ya Chalk Hill ndiyo iliyopaswa kubeba mzigo huo, lakini daktari aliyeitwa kueleza alibanwa na Fall kwa maswali mpaka ikaonekana kwamba hakuweza kuapa kuwa ni damu ya binadamu. Hilo halikuwa kosa la daktari. Kipimo cha kutofautisha damu ya mtu na ya mnyama kilitolewa na Paul Uhlenhuth, mtaalamu wa Ujerumani, mwaka 1901. Kesi ilikuwa imeitangulia sayansi kwa miaka miwili, na katika nchi ya ng'ombe dimbwi la damu mchangani lingeweza kuelezwa kwa njia kadhaa.

Shahidi mkuu alikuwa Jack Maxwell. Alisema alilala Dog Canyon usiku wa tarehe 1 Februari, na kwamba Lee, McNew na Gililland hawakuwepo. Walifika siku ya pili, farasi wao wakiwa hoi. Ushahidi huo ungetosha kuvunja utetezi, kwa sababu mama yake Lee na wengine walisema alikuwa nyumbani. Fall hakuhangaika kubishana na Maxwell kuhusu tarehe. Alimuuliza kuhusu fedha. Ikadhihirika kwamba kulikuwa na mkataba wa maandishi uliomwahidi Maxwell dola 2,000 kama ushahidi wake ungesaidia watuhumiwa wahukumiwe. Mkono mtupu haulambwi, na wasikilizaji wa Hillsboro walielewa hivyo mara moja. Huenda Maxwell alisema kweli tupu. Baada ya mkataba ule kusomwa, ukweli wake haukuwa na bei tena.

Garrett naye alipanda kizimba cha mashahidi. Fall alimuuliza kwa nini alingoja miaka miwili kabla ya kuomba hati za kukamata. Garrett alijibu, kwa maana yake, kwamba watu wa upande wa Fall walikuwa na nguvu mno mahakamani. Jibu lilikuwa kweli, na hapo hapo lilimsaidia Fall, maana liligeuza mauaji kuwa ugomvi wa vyama. Katika hotuba yake ya mwisho Fall aliendelea na wimbo huo: wafugaji wadogo waliokuwa wakinyanyaswa, matajiri waliokodi mashahidi, Santa Fe iliyotaka kuitawala nchi ya kusini. Lee mwenyewe alitoa ushahidi kwa utulivu na heshima. Kesi ilichukua siku 18. Juri, yaani raia 12 wanaotoa uamuzi, walikaa faragha kwa takriban dakika nane, wakarudi na jibu: hawana hatia.

Dakika nane ni chache mno kwa kupima siku 18 za ushahidi. Hata hivyo uamuzi wenyewe, ukitazamwa kwa kilichokuwa mbele ya juri, ni mgumu kuulaumu. Maiti hazikuwepo, damu haikuthibitishwa, shahidi mkuu alikuwa ameahidiwa fedha, na nyayo zilikuwa zimekanyagwa. Wengi walioichunguza kesi hii baadaye wamebaki na mashaka makubwa juu ya Lee na wenzake, na dalili za njia ile zinawapa haki ya kuwa nayo. Mashaka na hatia ni vitu viwili.

Maelezo mengine hayakukosekana. Wengine walisema ni kazi ya majambazi waliotembea na Black Jack Ketchum, au mtu fulani aliyeogopa mashtaka mengine kati ya yale 32, maana Lee hakuwa mwenye kesi peke yake. Palikuwepo hata uvumi kwamba Fountain alitoroka familia yake na kwamba ameonekana mji huu au ule. Uvumi huo ulivumishwa zaidi na waliomchukia, na kwa mtu aliyekuwa njiani kurudi nyumbani kwa mkewe na watoto wake wakubwa, akiwa na mtoto mgonjwa, hauna uzito. Ulidumu kwa sababu moja tu: hapakuwa na kaburi la kuukanusha.

Waliohusika waliendelea na maisha yao, wengine kwa mafanikio makubwa. Lee aliingia katika bunge la New Mexico, akafa mwaka 1941 akiwa mzee wa heshima. Eneo la Dog Canyon leo ni hifadhi ya umma yenye jina lake. Garrett alipigwa risasi na kufa tarehe 29 Februari 1908 katika barabara ya kwenda Las Cruces. Mchunga ng'ombe Wayne Brazel alikiri kumpiga akidai alijitetea, akafikishwa mahakamani mwaka 1909, akaachiwa. Wakili wake alikuwa Albert Fall.

New Mexico ilipopata hadhi ya jimbo mwaka 1912, maseneta wake wa kwanza wawili Washington walikuwa Thomas Catron na Albert Fall, mwendesha mashtaka na mtetezi wa Hillsboro, wote sasa katika chama kimoja cha Republican, kwa kuwa Fall alikuwa amehama. Mwaka 1921 Fall akawa waziri wa mambo ya ndani ya nchi, mwenye dhamana ya ardhi za serikali. Alikodisha kwa siri akiba za mafuta za jeshi la majini, ikiwemo ya Teapot Dome huko Wyoming, na mwaka 1929 alitiwa hatiani kwa kupokea rushwa. Alifungwa mwaka 1931, waziri wa kwanza wa Marekani kwenda jela kwa kosa alilotenda akiwa madarakani.

Mifupa ya watu imewahi kudaiwa kuwa ya Fountain na mwanawe, na mara kwa mara amejitokeza mtu aliyesema alisikia siri kutoka kwa mzee aliyekuwa akikata roho. Hakuna dai hata moja lililothibitika. Sehemu kubwa ya bonde na milima ya San Andres imo ndani ya eneo la jeshi la kujaribia makombora tangu mwaka 1945, na raia haingii bila kibali. Kuhusu rekodi za mahakama, uamuzi wa Hillsboro ulihusu Henry peke yake. Shtaka la kumuua baba yake halikusikilizwa hata mara moja.